Chupa zimenipinga mbele ya darasa: ukipuliza sauti inakuwa nyembamba, ukigonga inakuwa nene. Nawaelezaje watoto?

Mwl_Chaki:

Habari za jioni wakuu. Nafundisha sayansi, watoto wa miaka 12 na 13, na wiki hii tumeingia kwenye mada ya jinsi vitu vinavyotoa sauti. Ni mada ambayo kila mwaka naihesabu kuwa ya mapumziko, naingia nayo darasani mikono mitupu. Mwaka huu imenitoa jasho, naomba mnisaidie kabla ya kipindi cha keshokutwa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliwaambia washike koo na waseme "mmm" midomo ikiwa imefungwa, wakausikia mtetemo vidoleni. Kisha nikabana rula ya plastiki ya sentimita 30 ukingoni mwa meza, sentimita 25 zikiwa nje, nikaivuta chini na kuiachia. Ikapunga juu chini, kila mtu anaiona, lakini masikio hayapati kitu. Nikairudisha ndani zikabaki sentimita 12, ikaanza kunguruma. Zilipobaki 6 ikalia "drrrn", na macho hayakuona tena rula ikipunga, yaliona kama ukungu tu kwenye ncha. Watoto wakashangilia. Nami kwa furaha nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KITU KIREFU, SAUTI NENE. KITU KIFUPI, SAUTI NYEMBAMBA. Nikapiga mstari chini yake. Ule mstari ndio ulioniponza.

Siku ya pili nikaja na chupa 5 za kioo zinazofanana, maji ya viwango tofauti. Nikapuliza kwa juu, kwenye mdomo wa chupa. Yenye maji mengi ikatoa sauti nyembamba, tupu ikatoa nene. Nikasema mnaona, hewa iliyobaki ikiwa fupi sauti ni nyembamba, kama rula. Safi kabisa.

Kuna msichana wa dawati la nyuma ambaye tangu mwaka uanze hajanyoosha mkono. Akaja mbele bila kuitwa, akachukua kalamu yangu, akazigonga zile zile chupa moja baada ya nyingine. Yenye maji mengi: nene. Tupu: nyembamba. Kinyume kabisa. Akauliza kwa upole tu, "Mwalimu, ile kanuni ya ubaoni ni ya kupuliza au ya kugonga?"

Nikamjibu "swali zuri sana, tutalirudia." Wenzangu mnajua maana ya sentensi hiyo. Watoto pia wanaijua.

Basi mlango ukawa umefunguka. Mwingine akasema akinong'ona huku kashika koo, hakuna mtetemo wowote, kwa hiyo kunong'ona si sauti? Wa tatu akagonga meza: "Hii inalia lakini haitetemi, ni mbao ngumu." Kengele ikaniokoa.

Mimi jibu la chupa nalihisi kwa mbali, lakini sitaki kuwasomea maelezo. Nataka walishike kwa mikono yao. Vifaa nilivyonavyo ni hizo chupa, rula, makopo, maputo, kioo kidogo cha kujitazamia na simu. Vipindi 2 vya dakika 40. Karibuni.

---

Mtihani_Mbele:

Mwalimu, pole, lakini unajitafutia kazi. Waandikie: sauti ni aina ya nishati inayotokana na mtetemo wa vitu. Wakariri, msonge mbele. Hakuna mtihani utakaouliza chupa ikigongwa inaliaje.

---

Fundi_Wa_Spika:

Mimi si mwalimu, natengeneza spika. Lakini swali la huyo binti ndilo ninalojiuliza kila siku kitu kikiletwa mezani kwangu kinakwaruza: *nini hapa kinachotetema?* Mteja anasema spika inakoroma, kumbe spika ni nzima, kinachokoroma ni skrubu iliyolegea kwenye boksi. Ukibadilisha spika umekula hasara.

Chupa ni moja lakini vinavyotetema ni viwili. Ukipuliza, inayotetema ni hewa iliyo ndani. Ukigonga, kinachotetema ni kioo chenyewe. Usiwaambie. Fanya hivi.

Chukua chupa moja, iweke mezani, mtoto aigonge kwa kalamu. Italia "ting". Sasa mwingine aikumbatie chupa kwa viganja vyote viwili, igongwe tena. Itatoa "tok" na kunyamaza pale pale, kwa sababu nyama ya mkono imeubana mtetemo wa kioo. Halafu, chupa ikiwa bado imekumbatiwa vile vile, mwambie mtoto apulize. Itavuma kama kawaida, mkono haujaizuia hata kidogo. Hapo mtoto yeyote atasema mwenyewe kwamba hivi si kitu kimoja.

Ukitaka kuwamaliza kabisa, leta na chupa ya plastiki inayokaribiana na ile ya kioo kwa ujazo na kwa shingo. Ukizipuliza, sauti zinakaribiana. Ukizigonga, moja inalia na nyingine inasema "pu".

Baada ya hapo maji yanajieleza. Kwenye kupuliza, maji yameila nafasi ya hewa, hewa imebaki kidogo, na hewa kidogo hurudi haraka ikisukumwa. Kwenye kugonga, maji yamekiegemea kioo na kukiongezea mzigo, na kitu chenye mzigo hutetema polepole. Maji ni yale yale, ila upande mmoja yamepunguza na upande mwingine yameongeza.

Sasa meza. Mwambie huyo kijana yuko sahihi kwamba haoni, hajakosea kwamba ni ngumu. Bandika hicho kioo kidogo juu ya meza kwa gundi au plastisini. Mulika kwa taa ya leza kwa mshazari ili doa la mwanga liende ukutani, mbali kadiri unavyoweza. Gonga meza. Doa litaruka. Ukuta ndio unaofanya kazi hapo: kioo chenye upana wa sentimita 2, ukingo wake mmoja ukiinuka kwa sehemu moja ya mia ya milimita, doa kwenye ukuta ulio mita 6 linahama karibu milimita 6. Jicho haliwezi kuona kile, lakini hiki linakiona. Angalizo: leza ishikwe na wewe, iwe ile dhaifu, na doa lipite juu ya vichwa, lisipite usawa wa macho ya mtu. Kama huna leza, tochi yenye karatasi iliyotobolewa kitundu inafaa, ila chumba kiwe na giza.

Halafu kuhusu rula, samahani kwa kuchokonoa. Hakikisha umeikandamiza pale pale ukingoni, ikiwezekana kwa kipande cha ubao. Nimeona watu wengi wanaibana kwa nyuma, rula inapiga makofi kwenye meza, na ile "trrr" wanayoisikia ni makofi, si rula.

---

Sauti_Ya_Pili:

Nafundisha kwaya, na nimesoma uzi huu nikicheka peke yangu kwa sababu ya jambo moja ambalo hamjaligusa. Mwl_Chaki, nakushukuru umeandika "nyembamba" na "nene". Wengi hapa wangeandika "sauti ya juu" na "sauti ya chini", na hapo ndipo darasa linapopotea bila mwalimu kujua.

Mwambie mtoto "toa sauti ya juu." Nusu ya darasa watapiga kelele, nusu wataimba nyembamba. Wote wamekutii! Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili. Kwa hiyo kwangu ni marufuku. Ukali wa kelele tunasema sauti *kubwa* na *ndogo*. Aina ya sauti tunasema *nene* na *nyembamba*. Mtoto akisema "juu", namuuliza: juu ya kubwa au juu ya nyembamba? Wiki moja tu wameshazoea.

Na rula ile ile inalithibitisha. Waivute nusu sentimita, kisha waivute sentimita 2, urefu wa nje ukiwa ule ule. Sauti inakuwa kubwa zaidi lakini haiwi nyembamba zaidi. Upana wa kupunga ni jambo lake, idadi ya kupunga kwa sekunde ni jambo lake. Watoto wengi (na wanakwaya wangu watu wazima) wanaamini kwamba ukipiga kwa nguvu kitu kinatetema haraka zaidi. Hapana, kinatetema kwa upana zaidi.

Sasa kunong'ona. Huyo mtoto ni hazina. Ndani ya koo kuna nyuzi za sauti. Unapozungumza zinagusana na kuachana mara nyingi kwa sekunde, ndio mtetemo unaoushika. Unaponong'ona zinakaa zimeachana, hazitetemi. Hewa inapita kwenye upenyo mwembamba na kuvurugika, na mvurugiko huo wa hewa ndio unaosikika. Kwa hiyo mtetemo upo, ila ni wa hewa, na kidole juu ya ngozi hakiwezi kuushika.

Waonyeshe kwa herufi. Mkono kooni, waseme "sssss" ndefu, halafu "zzzzz". Kisha "fffff" na "vvvvv". Mdomo haubadiliki hata kidogo, ulimi uko pale pale, lakini koo linawaka na kuzimika kama taa. Halafu wape maneno: *fua* na *vua*, *saa* na *zaa*. Mtoto agundue kwamba tofauti ya kufua nguo na kuvua nguo ni nyuzi za kooni tu. Darasa halitatulia tena, nakuonya.

---

Debe_Tupu:

Mimi jina langu linatosha. Naomba tu mniambie, kwa nini debe tupu haliachi kuvuma? Wahenga walikuwa na maabara?

---

Sita_Kwa_Sita:

Wahenga walikuwa na masikio. Debe tupu, kuta zake ziko huru kutetema na hewa ya ndani inazisaidia. Lijaze mchanga, kila chembe iliyoegemea ukuta inaunyonya mtetemo, linabaki kusema "bu". Ni ile ile ya Fundi ya kukumbatia chupa, ila kwa ndani.

Mwalimu, mimi nafundisha fizikia madarasa ya juu na napokea watoto wako baada ya miaka michache, kwa hiyo nina ombi la kibinafsi: ule mstari wa ubaoni ufute. Haukosei kwa rula, lakini wanakuja kwangu wakiamini kwamba *urefu* ndio unaotoa sauti. Kila kitu kina kanuni yake. Waya wa gitaa ukiukata nusu kwa kidole, mitetemo inakuwa mara 2. Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, aliyachapisha haya ya nyuzi mwaka 1636. Rula ukiipunguza nusu mitetemo haiwi mara 2, inakuwa mara 4. Na chupa yenye shingo ukitaka mitetemo iwe mara 2, lazima hewa ya tumboni ibaki robo, nusu haitoshi. Vitu vitatu, hesabu tatu. Huna haja ya kuwapa namba hizi miaka 12, lakini ukizijua wewe hutaandika tena kanuni moja ya vyote.

Kuhusu rula yako iliyopunga bila mlio: hapo ulikuwa na somo zuri ukalipita. Masikio ya binadamu huanza kusikia karibu mitetemo 20 kwa sekunde na kuishia karibu 20,000, na mzee kama mimi huishia mapema zaidi. Sentimita 25 za rula ya plastiki hupunga mara 10 hivi kwa sekunde. Inatetema sawasawa, ila sisi ndio tusioisikia. Fundi hapo juu, kama ana spika kubwa isiyo na kitambaa, anaweza kuiendesha kwa mitetemo 10 na watoto wakaona koni ikiingia na kutoka kimya kimya, kisha aipandishe polepole mpaka mlio utokee.

---

Fundi_Wa_Spika:

Inawezekana, ila koni ipewe nguvu kidogo tu. Na usijaribu kwa spika ya simu, kule chini haifiki hata ufanyeje. Badala ya simu tumia njia nyingine: kaza puto kwenye mdomo wa kopo, nyunyiza mchanga mkavu laini juu, kisha mtoto aimbe karibu nalo bila kuligusa wala kulipulizia. Mchanga utacheza akifikia noti fulani na kutulia akiipita.

---

Mwl_Chaki:

Asanteni sana. Sita_Kwa_Sita, nimeufuta, na nakiri umeniuma kidogo. Swali moja: hayo ya sauti kusafiri hewani niyaingize hapo hapo? Maana wengine wanadhani upepo unatoka kwenye ngoma unakuja mpaka sikioni.

---

Sita_Kwa_Sita:

Yaache. Sauti inaanzaje ni somo moja, inasafirije ni somo lingine, ukiyachanganya wanabeba nusu nusu. Kwa huyo wa upepo, wapange watoto 8 bega kwa bega, msukume kidogo wa kwanza, msukumo ufike kwa wa mwisho, kisha uliza: nani amehama? Inatosha kwa sasa. Kule mbele utawaambia kwamba mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha majaribio ya kunyonya hewa kwenye chombo cha kioo chenye saa ndani, mlio wa saa ukafifia hewa ilivyopungua. Hilo liwe la kufungulia mada ijayo.

---

Mtihani_Mbele:

Mnamchosha mwenzenu.

---

Mwl_Chaki:

Mrejesho, kama nilivyoahidi. Nimechoka lakini si kwa ubaya.

Nilianza kwa kuwaambia wazi kwamba kanuni niliyoandika juzi nimeifuta kwa sababu mwenzao aliigonga ikavunjika. Yule binti akainamisha kichwa, lakini nilimwona akicheka. Nikamwita yeye awe mwenye kugonga na mwingine awe mwenye kupuliza, chupa ikiwa imekumbatiwa. "Ting" ikawa "tok". Kisha yule wa kupuliza akapuliza, chupa ikavuma. Kukawa kimya, halafu mtoto mmoja akasema polepole, kama anayejisemea, "kwa hiyo yule wa ndani hajashikwa." Yule wa ndani! Nimefundisha miaka 11 sijawahi kuiita hewa hivyo. Kuanzia hapo darasa zima wakawa wanasema yule wa ndani na yule wa nje, nami nikawafuata.

Leza sikupata. Nilitumia tochi na karatasi yenye kitundu, madirisha tukayaziba kwa makoti. Doa lilikuwa baya, limevimba kama yai, lakini meza ilipogongwa likatikisika, na yule kijana wa "mbao ngumu" akaomba agonge yeye, mara 6 au 7, kila mara anageuka ukutani haraka kana kwamba atalikamata likidanganya. Mwishowe akasema sawa. Hakusema kwa furaha.

S na z zilikuwa kosa langu la kimkakati. Sauti_Ya_Pili ulinionya. Niliziweka katikati ya kipindi badala ya mwisho, na kwa dakika 10 hakuna aliyenisikiliza, chumba kizima ni nyuki. Mwalimu wa chumba cha pili alichungulia mlangoni, akatazama watoto 40 walioshika makoo yao, akaondoka bila kuuliza.

Kopo la mchanga lilikubali kwa mtoto mmoja tu mwenye sauti nene, wengine wote mchanga ulilala. Sijajua kama ni puto nililegeza au nini. Fundi, nitakuuliza faraghani.

La mwisho lilinikuta nikiwa nafungasha. Nilikuwa nazijaza chupa upya kutoka kwenye jagi ili nizioshe, na yule binti kasimama pembeni akisikiliza. Akaniambia niendelee kumimina, akageukia ukuta kwa mgongo. Nikamimina. Akasema "acha," nikaacha. Maji yalikuwa shingoni mwa chupa. Tukarudia, "acha," shingoni tena. Nikamuuliza anajuaje. Akasema, "Yule wa ndani anabaki mdogo, mlio unazidi kuwa mwembamba, ukikaribia kujaa unakimbia." Hakuna aliyemfundisha hilo, hata mimi sikuwa nimelifikiria, na nimekinga maji maisha yangu yote.

Basi ikabidi nami nijaribu. Nikageuka, akamimina yeye, nikasikiliza kwa makini, nikachelewa. Daftari la mahudhurio nimelianika dirishani, kurasa za wiki hii zimeshikana.